Drafti ya NBA 2009: tuache kumpima Hasheem kwa rula ya Curry

Kipanga wa Upanga (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila mwaka msimu wa drafti (timu za NBA kuchagua wachezaji wapya kwa zamu) ukikaribia, ile picha lazima irudi kwenye magrupu. Hasheem Thabeet na kofia ya timu ya Memphis upande mmoja, Stephen Curry na pete zake nne za ubingwa upande wa pili, na chini mtu kaandika kwamba Mbongo alichaguliwa kabla ya Curry. Watu wanacheka, wanaituma mbele, maisha yanaendelea. Nimechoka nayo. Leo tuiongelee drafti yenyewe, halafu mwenye kucheka acheke akijua anachekea nini.

Ilikuwa Juni 25, 2009, Madison Square Garden, New York. Huku kwetu ilikuwa usiku wa manane, tarehe 26 imeshaingia. Kwa wasiofuatilia kikapu: timu ni 30, raundi ni 2, majina yaliyosomwa mwaka ule ni 60. Timu zilizokosa mtoano ziliingia kwenye bahati nasibu ya kupanga nani achague mwanzo, na aliyefanya vibaya zaidi alipewa nafasi kubwa zaidi ya kushinda. Nafasi tu, si hakikisho. Mwaka ule Sacramento walikuwa wa mwisho ligi nzima, ushindi 17 na vipigo 65, wakaangukia namba 4. Clippers wakapata namba 1, Memphis wakarushwa mpaka namba 2.

Namba 1 haikuwa na mjadala. Blake Griffin wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, jitu lenye nguvu na mruko wa ajabu. Mechi ya mwisho ya maandalizi akaumia goti, msimu mzima wa kwanza ukaenda bila kukanyaga uwanja. Aliporudi akawa chipukizi bora wa 2011, na mwaka huohuo akashinda shindano la kudanki kwa kuruka juu ya boneti ya gari. Kachaguliwa Mechi ya Nyota (All-Star) mara 6. Magoti yakamla taratibu, akapita Detroit, Brooklyn na Boston, akastaafu 2024 bila pete.

Sasa namba 2. Hapa ndipo nataka tukae.

Hasheem alizaliwa Dar mwaka 1987. Ameanza kushika mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15. Rudieni hapo. Griffin kalelewa na baba kocha. Curry ni mtoto wa Dell Curry, mtu aliyecheza NBA misimu 16, kakulia pembeni ya uwanja akirusha mipira wakati wenzake wanajifunza kuendesha baiskeli. Wetu kaanza ukubwani, akapita Sekondari ya Makongo, akapita Kenya, akapita shule za sekondari za Marekani, na kufikia 2006 yuko Chuo Kikuu cha Connecticut (UConn) chini ya kocha Jim Calhoun, moja ya programu ngumu kabisa za vyuo. Miaka 7 toka aanze mchezo, jina lake linasomwa la pili na David Stern, kamishna wa NBA wakati ule. Mtanzania wa kwanza NBA. Kwa lugha yoyote ile, hiyo ni kazi kubwa.

Na hakupewa kwa huruma. Msimu wake wa mwisho chuoni alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi (kudaka mipira iliyokosa rimu) 10.8 na bloku (kuzuia mitupo) 4.2. Mchezaji bora wa ulinzi wa Big East, ligi yao ya vyuo, mara mbili mfululizo, 2008 na 2009. Dhidi ya Providence alipiga pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10. Timu ikafika nusu fainali ya taifa ikatolewa na Michigan State. Mtu wa futi 7 na inchi 3 anayefanya hivyo, mwaka 2009, wakati ligi bado inaamini ubingwa unajengwa kuanzia kwa senta, yule mrefu wa chini ya rimu: nani angempita?

Tatizo lilikuwa Memphis yenyewe. Mike Conley na O.J. Mayo walishakuwepo nafasi za nyuma (magadi), kwa hiyo James Harden, gadi mwingine, akaonekana hana pa kukaa. Ricky Rubio wa Hispania ilishaandikwa sana kwamba hataki kwenda kule. Ikabaki senta. Sasa senta walikuwa naye tayari, anaitwa Marc Gasol! Ndiyo kwanza amemaliza msimu wake wa kwanza, na huyu ndiye baadaye akawa mchezaji bora wa ulinzi wa NBA nzima, 2013. Halafu Julai ileile, wiki chache baada ya drafti, wakamleta Zach Randolph, jabali jingine la chini ya rimu. Yaani umemchukua kijana ambaye hajaiva, anayehitaji dakika kuliko kitu chochote, ukamweka nyuma ya majabali mawili, kwenye timu ambayo kocha wake Lionel Hollins anataka kushinda leo.

Msimu wa kwanza: mechi 68, pointi 3.1, ribaundi 3.6, bloku 1.3. Februari 2010 wakampeleka Dakota Wizards, ligi ya maendeleo. Hakuna mtu aliyewahi kuchaguliwa juu vile akashushwa kule kabla yake. Magazeti ya Marekani yakashiba. Mwaka mmoja baadaye akapelekwa Houston, Memphis wakapata Shane Battier. Na Battier ndiye aliyepiga ile pointi tatu (mtupo wa mbali) ya dakika ya mwisho San Antonio, Aprili 2011, ikawapa Memphis ushindi wao wa kwanza wa mtoano katika historia ya klabu, na Spurs wa San Antonio, waliokuwa vinara wa Magharibi (nusu moja ya ligi), wakatolewa na timu ya nafasi ya 8. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya kibiashara, Hasheem aliwaletea kitu.

Houston alicheza mechi chache tu. Machi 2012 akatupwa Portland, na waliokwenda naye ni pamoja na Jonny Flynn, aliyekuwa namba 6 wa drafti hiyohiyo. Chaguo la 2 na la 6 ndani ya gari moja, wakabadilishwa na Marcus Camby aliyekuwa anakaribia miaka 38. Camby naye alikuwa namba 2 wa drafti yake, 1996. Msimu wa nne wa mkataba wake hakuna aliyeutaka, akasaini Oklahoma City (OKC) mwenyewe, akakaa misimu miwili. Jumla NBA: mechi 224.

Hoja yangu: mwenye kosa la 2009 ni aliyechagua. Na kama kosa ni kumpita Curry, basi mbele ya Curry walisomwa watu 6, na Minnesota walimpita mara mbili mfululizo kwa watu wa nafasi yake yeye mwenyewe. Mbona picha za Flynn, mmoja wao, hazisambai?

Karibuni tujadili.

---

Rimu Halina Wavu

Nimeweka kiti cha mbele. Mods msiuhamishe huu uzi.

---

Mwalimu wa Faulo

Mkuu umeandika vizuri, ila unampakata sana kijana wetu. Twende taratibu.

Hilo la Gasol na Randolph sawa. Lakini OKC je? Msimu wa 2012/13 alicheza mechi 66, timu inayoongoza Magharibi, mbele yake yuko Kendrick Perkins, senta ambaye mashabiki wa OKC wenyewe walikuwa wanaomba atolewe. Nafasi ilikuwa wazi kama mlango wa duka la Mpemba. Bado hakuipata. Mimi zile mechi niliziangalia. Mpira ukimfikia chini ya rimu anaushusha kiunoni kwanza, gadi wa futi 6 anamnyang'anya. Akitoka kumkaba mtu anayekimbia na mpira, miguu inachelewa, anaweka mkono, filimbi. Dakika chache faulo mbili, kocha anamrudisha benchi. Hilo Memphis hawakumfanyia, hilo ni la mchezo wake.

Na dalili zilikuwepo hata chuoni. Februari 2009 UConn wakiwa namba 1 nchini, Chuo cha Pittsburgh (Pitt) wanakuja, DeJuan Blair wao, mtu mfupi kuliko yeye kwa zaidi ya nusu futi, anampindua mgongoni mpaka chini kwenye kugombea mpira. Blair siku hiyo pointi 22 na ribaundi 23. Hasheem pointi 5. Mwisho wa msimu wakagawana tuzo ya mchezaji bora wa Big East, lakini kila skauti aliiona ile mechi.

---

Kipanga wa Upanga

@Mwalimu wa Faulo nakubali mikono na miguu. Ndiyo maana nimesema alihitaji dakika. Mtu aliyeanza na miaka 15 hayo ndiyo anakuwa hajayapata. Ila umemtaja Blair, hebu maliza hadithi yake basi.

---

Mwalimu wa Faulo

Hahaha, nilijua utanishika hapo. Blair alishuka mpaka namba 37. Madaktari wa timu walipompima magoti wakakuta zile kano za mbele hazipo, magoti yote mawili, upasuaji wa tangu sekondari. Watu wakakimbia. San Antonio wakamchukua, akacheza mechi zote 82 za msimu wa kwanza. Hakudumu lakini kwa namba 37 aliwalipa.

---

Mama Krosova

Salamu kutoka Rongai jamani. Hasheem alipitia shule ya Laiser Hill hapa kwetu, kwa hivyo na sisi Wakenya tuna fungu letu, msituache nje 😀

Kuna kitu hamjasema. Leo tunajua Curry ni nani. Lakini 2009 mlikuwa mnaona nini? Kijana mwembamba kutoka Davidson, chuo kidogo, ambaye vyuo vikubwa havikumtaka. Amepiga pointi nyingi ndiyo, lakini watu waliuliza atamkaba nani. Na miaka ya kwanza Golden State Warriors vifundo vya miguu vilimsumbua mpaka msimu wa 2011/12 akacheza mechi 26 pekee. Mkataba uliofuata alisaini dola milioni 44 kwa miaka minne, na kuna waliosema Warriors wamecheza kamari. Mtu wa kiwango chake cha leo kulipwa kidogo vile! Huo mkataba ndio uliowaachia nafasi ya kumlipa nyota Kevin Durant baadaye.

Kwa hivyo 2012, miaka mitatu baada ya drafti, ungeuliza nani ameshinda hiyo drafti, jibu lingekuwa Griffin ama Harden. Curry angekuja wa tatu ama wa nne. Halafu kuanzia 2013 yeye mwenyewe akabadilisha mchezo kwa pointi tatu zake, akawatoa masenta warefu kazini. Huyo Hasheem aliandaliwa kwa mchezo ambao jamaa aliyesomwa namba 7 alienda kuufunga. Hiyo ndiyo kejeli ya ile picha, na hakuna anayeiona.

---

Rimu Halina Wavu

Mama Krosova umenimaliza. Mods wekeni hii juu.

---

Baridi ya Minneapolis

Wakuu mimi niko huku Minnesota, naomba niongee kwa niaba ya majeruhi.

Mnajua Hasheem anachekwa Bongo tu. Huku Marekani jina linalochekwa ni David Kahn, aliyekuwa bosi wa Timberwolves, timu ya huku. Alikuwa na namba 5 na 6. Namba 5 aliipata kwa Washington kwa kuwapa Randy Foye na Mike Miller. Akamchukua Ricky Rubio, pointi gadi (mpangaji wa mashambulizi), nafasi ya Curry. Akamchukua Jonny Flynn, pointi gadi. Curry bado amekaa pale na suti. Namba 18 akamchukua Ty Lawson, pointi gadi wa tatu, huyo akampeleka Denver usiku uleule.

Rubio hakuja mpaka 2011, alibaki Hispania kwanza, na Barcelona akachukua ubingwa wa Ulaya 2010. Alipokuja mji mzima ulifurahi. Zile pasi! Machi 2012 goti likakatika. Sikuwahi kumchukia, na nadhani hakuna mtu huku anayemchukia. 2019 akawa mchezaji bora wa Kombe la Dunia, Hispania wakabeba. 2023 akasimama kucheza kwa ajili ya afya ya akili, na Januari 2024 akatangaza kwamba NBA kwake basi.

Flynn ndiye anayeniuma. Alikuwa kijana mcheshi, msimu wa kwanza kacheza vizuri tu, kaanza mechi karibu zote. Kiangazi cha 2010 akafanyiwa upasuaji wa nyonga, na ile kasi haikurudi. Kufikia 2012 hayuko NBA. Mechi 163. Mtoa uzi umeuliza mbona picha zake hazisambai: zinasambaa, ila zinasambaa huku.

---

Kipanga wa Upanga

@Baridi ya Minneapolis pole mkuu. Mechi 163 dhidi ya 224 za Hasheem, wala sikuwahi kuziweka sambamba.

Na Knicks wa New York? Wao walikuwa namba 8, nyumbani kwao, ukumbi umejaa watu wao, wakimngoja Curry. Warriors wakamchomoa namba 7. Wakabaki na Jordan Hill, na hawakumaliza naye hata msimu mmoja. Desemba 14, 2021 Curry akaenda kuivunja rekodi ya pointi tatu ya Ray Allen wapi? Madison Square Garden. Wale watu wana uvumilivu.

---

Tembo wa Lushi

Bandugu, jambo kwenu. Sisi ba Congo tulikuwa pia ndani ya hiyo drafti. Namba 30, mwisho wa raundi ya kwanza, Cleveland, Christian Eyenga wa Kinshasa. Alitokea Hispania kama Rubio. Akafika Cleveland 2010, mwaka uleule nyota wao LeBron James ameondoka. Timu ikapoteza mechi 26 mfululizo. Kijana wa miaka 21, unaingia nyumba inaungua. Baadaye akapelekwa Lakers, kisha akatiwa ndani ya ile biashara kubwa ya kumhamisha Dwight Howard, akaenda Orlando, na NBA ikaisha hapo. Akarudi kucheza Ulaya.

Miaka miwili baada ya hiyo drafti alikuja mtoto wa hapa Lubumbashi, Bismack Biyombo, namba 7 ya 2011. Kama Hasheem, kazi yake ni bloku na ribaundi, mikono migumu pia. Lakini yeye alidumu zaidi ya miaka kumi. Kwa nini? Alipata timu mbovu, Charlotte, iliyomwacha acheze na akosee. Naunga mkono mtoa uzi hapo.

---

Mwalimu wa Faulo

Mfano mzuri huo wa Biyombo, lakini pia Biyombo alikuwa mfupi na mwepesi, anaweza kumfuata gadi mpaka nje. Hasheem hakuweza. Naendelea kukaa hapohapo.

---

Namba Arobaini na Sita

Nyie mnapigania juu, mimi nakuja na chini. Jina langu linasema.

Danny Green, namba 46, Cleveland. Wakamtema baada ya msimu mmoja. Akahangaika, San Antonio wakampa nafasi, wakamtema, wakamrudisha. Pete: 2014 Spurs, 2019 Raptors wa Toronto, 2020 Lakers. Tatu, na timu tatu tofauti. Sasa angalieni hii: 2018 Toronto walimtoa DeMar DeRozan, namba 9 wa drafti hiyohiyo, kipenzi cha mji, kwenda San Antonio, wakabadilishana na nyota Kawhi Leonard. Aliyekuja pamoja na Kawhi ni nani? Danny Green. DeRozan kaijenga nyumba miaka 9, mwenzake wa darasa kaja kuhamia mwaka mmoja, kabeba kombe.

Patrick Beverley, namba 42. Alizunguka Ukraine, Ugiriki na Urusi kabla ya Houston kumsaini 2013. Patty Mills, namba 55, ubingwa 2014 na ile mechi ya shaba ya Olimpiki ya Tokyo aliyoipigia Australia pointi 42. Wesley Matthews hakusomwa kabisa, akacheza zaidi ya muongo mmoja. Joe Ingles naye hakusomwa. Na Sergio Llull, namba 34, ambaye Houston walimngoja mpaka wakachoka. Akakaa Real Madrid, na 2023 akiwa na miaka 35 akapiga mtupo wa kuwapa ubingwa wa Ulaya mbele ya Olympiacos sekunde chache kabla ya mwisho. Yeye NBA haikumkataa, yeye ndiye aliyeikataa.

---

Dogo wa Savio

Kwani Tyreke Evans mmemsahau? Namba 4. Chipukizi bora wa 2010, akampita hata Curry. Pointi 20, ribaundi 5, asisti (pasi za kufungia) 5 msimu wa kwanza, kabla yake waliofanya hivyo ni Oscar Robertson, Jordan na LeBron. Basi. Kila mwaka akawa anashuka kidogo, na 2019 ligi ikamfungia kwa kesi ya dawa zilizokatazwa.

Na Hasheem baada ya NBA ilikuwaje? Mimi nilikuwa mdogo.

---

Kipanga wa Upanga

@Dogo wa Savio hakuacha. Grand Rapids kwenye ligi ya maendeleo, kisha Yokohama huko Japani msimu wa 2017/18, akarudi Marekani na Fort Wayne 2019/20 akitafuta njia ya NBA akiwa na miaka 32, halafu Taiwan. Kule Asia akawa anabloku watu vilevile kama UConn. Mvivu hafanyi hivyo. Namjibu hapa kila aliyewahi kuniandikia kwamba jamaa alilewa sifa.

---

Mama Krosova

Na Harden? Mnamruka kama hayupo. Namba 3. Akiwa OKC alitoka benchi, mchezaji wa akiba bora 2012, wakafika fainali wakapigwa na Miami. Oktoba 2012 wakamtoa Houston kwa sababu ya pesa. Hasheem alikuwa amesaini OKC Julai ileile, kwa hivyo kwa miezi michache namba 2 na namba 3 walikuwa na jezi ya timu moja. Houston akawa MVP (mchezaji bora wa ligi) 2018, akaongoza kwa pointi misimu mitatu, mmoja wao kwa wastani wa 36.1. Pete hana. Brooklyn, Philadelphia, Clippers, kila pahali anafika na matumaini na anatoka na kelele.

---

Namba Arobaini na Sita

Haya, turudie drafti leo. Tano bora zenu. Yangu: Curry, Harden, Holiday, Griffin, DeRozan.

---

Mwalimu wa Faulo

Holiday wa tatu? Juu ya Griffin? Wewe umelala. Alisomwa namba 17 na alistahili kupanda, lakini si kupanda hivyo.

---

Namba Arobaini na Sita

Ubingwa 2021 Milwaukee, ubingwa 2024 Boston, dhahabu mbili za Olimpiki. Kwenye fainali ya 2021, mechi ya tano, alimnyang'anya Devin Booker mpira mikononi na kumrushia mwenzake Giannis adanki. Griffin wa Clippers nionyeshe mtoano mmoja aliopita raundi ya pili.

---

Mwalimu wa Faulo

Griffin wa 2014 alikuwa wa tatu kwenye kura za MVP. Holiday hajawahi hata kusogelea hapo. Unahesabu pete za wenzake. Kwa hesabu hiyo mweke Danny Green wa pili.

---

Namba Arobaini na Sita

Usinijaribu, naweza.